Tahadhari 27: Ndege Mpya Haimfundishi Rubani



Chawa wamerudi mitandaoni na wimbo wao ule ule. Ukiuliza kuhusu usalama wa anga, unajibiwa kwa picha ya ndege. Ukiuliza kuhusu hasara ya shirika, picha ya ndege. Ukiuliza kwa nini Ulaya wametufungia anga yao, unaletewa picha ile ile, safari hii imepigwa kwa ubavu, inamwagiwa maji uwanjani huku ngoma zinarindima na viongozi wamejipanga mstari. Chini yake wanaandika: "Kama hamuoni maendeleo, kapimeni macho."

Sawa. Macho tunayo, ndege tumeziona. Leo sibishani na picha. Nataka tuongee kuhusu dakika moja tu ya safari ya ndege, ile inayoanza pale magurudumu yanapoacha lami. Injini ikizima ndani ya dakika hiyo, rangi ya ndege haisaidii kitu, wala twiga aliyechorwa mkiani. Kinachowarudisha abiria nyumbani ni kichwa na mikono ya watu wawili waliokaa mbele, na mfumo uliowapika hadi wakaiva. Hoja yangu ndiyo hiyo, na nitaitetea hatua kwa hatua: serikali hii imenunua ndege kwa mbwembwe, ikawasahau watu. Na kwenye anga, kusahau watu kunaua.

Injini ikizima, ndege inafanya nini?

Tuanze na hili kwa sababu wengi tunadanganywa na sinema. Ndege ya abiria yenye injini mbili haianguki kwa kuwa injini moja imezima. Imeundwa na kupimwa kwa ajili ya siku hiyo hiyo. Kanuni za kimataifa zinataka ndege ya aina hiyo, ikiwa imebaki na injini moja na magurudumu yamekunjwa, bado iweze kupanda angalau mita 2.4 kwa kila mita 100 inazokwenda mbele. Ni mpando mdogo, lakini ni mpando. Unatosha kuvuka vikwazo vya mbele, kuzunguka na kurudi uwanjani.

Kabla ya kila safari marubani wanakokotoa mwendo wa maamuzi, kwa kuangalia uzito, joto, upepo na urefu wa uwanja. Injini ikizima kabla ya mwendo huo, ndege inasimamishwa pale pale chini. Ikizima baada ya hapo, hakuna kusimama tena, maana uwanja uliobaki hautoshi. Unaruka na injini moja. Ndiyo maana ndege ikifika mwendo huo, kapteni anaondoa mkono kwenye mikono ya nguvu za injini, ili asije akashawishika kuvuta nyuma. Uamuzi umeshapita.

Sasa ndege iko hewani na injini ya kulia imekufa. Nini kinatokea? Watu wa Ukerewe na Kilwa wataelewa haraka kuliko profesa: ukipiga kasia upande mmoja tu, mtumbwi unageuka. Ndege nayo ni hivyo. Injini ya kushoto inasukuma, ya kulia haisukumi, pua inakimbilia kulia, na bawa la kulia linataka kuzama. Rubani lazima akanyage usukani wa mkia kwa mguu wa kushoto, tena kwa nguvu, ndege inyooke. Ule mguu wa pili unabaki hauna kazi. Hapo ndipo marubani duniani kote wanafundishwa kaurau kadogo: mguu usio na kazi ndio upande wa injini isiyo na kazi.

Kwa ndege za pangaboi kama ATR na Dash 8 kuna jambo la ziada. Pangaboi la injini iliyozima likiachwa lizunguke na upepo linakuwa breki, kama mtu ameshika mlango wa ghorofa na kuuinua mbele ya kimbunga. Kwa hiyo visu vyake vinageuzwa vielekee upepo kwa ukali, vikate badala ya kuzuia. Ndege za kisasa zinafanya hivyo zenyewe kwa sekunde chache.

Halafu inakuja sehemu ngumu kuliko zote: kutulia. Mashirika mengi yanawafundisha marubani wao wasiguse kitu mpaka ndege ifike angalau futi 400. Shika ndege kwanza. Nyoosha. Panda. Kisha mmoja anataja injini iliyozima, mwenzake anathibitisha kwa macho, ndipo mkono unavutwa. Wawili wanaangalia kwa sababu mtu mmoja aliyepatwa na hofu anaweza kuona kushoto akaita kulia.

Na zile ndege ndogo za injini moja, kama Cessna Caravan zinazobeba watalii kwenda Serengeti na abiria kwenda Mafia? Pale hakuna injini ya pili ya kukuokoa. Injini ikizima ukiwa umetoka tu kuruka, mwili wako wote unakwambia vuta usukani, pandisha pua, ikimbie ardhi. Ukiusikiliza mwili umekwisha, kwa sababu mwendo unapungua, mabawa yanaacha kubeba, ndege inadondoka kama embe. Mafunzo yanakwambia kinyume: sukuma pua chini mara moja, tunza mwendo, tafuta pa kutua mbele yako, usijaribu kugeuka kurudi uwanjani ukiwa chini. Kugeuka huko kumeua marubani wengi, maana si nusu duara tu. Ukishageuka inabidi ugeuke tena kujipanga na uwanja, na kila kona inakula urefu ambao huna.

Mnaona tunakoelekea? Katika kila hatua hapo juu silika ya binadamu inasema hivi na usahihi ni vile. Hakuna anayezaliwa anajua kukanyaga kushoto huku moyo unakwenda mbio. Inafundishwa, inarudiwa, inapimwa, inarudiwa tena. Kanuni za kimataifa zinataka rubani wa shirika apimwe mara mbili kwa mwaka, na injini kuzima wakati wa kuruka ni mtihani wa kudumu humo ndani. Unafanyika kwenye simuleta, kwa sababu ukiufanya na ndege halisi ukakosea, hakuna marudio.

Taipei: ndege mpya, vifo 43

Kwa wale wa "ndege ni mpya kabisa, wasiwasi wa nini?", nawapeleka Taiwan. Nimechagua huko makusudi, kwa sababu ndege iliyoanguka ilikuwa ATR 72, ndugu wa zile tunazopanda hapa nyumbani kwenda Bukoba na Kilimanjaro.

Tarehe 4 Februari 2015, ndege ya TransAsia safari namba 235 iliruka kutoka uwanja wa Songshan, Taipei, ikiwa na watu 58. Ilikuwa haijafikisha hata mwaka tangu itoke kiwandani. Ikiwa futi kama 1,200, kifaa kidogo cha umeme kilileta hitilafu, na wachunguzi baadaye walielekeza kidole kwenye lehemu iliyokuwa na kasoro. Pangaboi la injini ya kulia likajigeuza lenyewe na injini hiyo ikaacha kusukuma. Basi. Injini ya kushoto ilikuwa nzima na ingewapeleka vizuri tu.

Kapteni akavuta mkono wa injini ya kushoto. Ile nzima. Kisha akaizima.

Ndege nzima kabisa, mpya, ikabaki bila injini juu ya jiji. Kabla ya mwisho kapteni mwenyewe alitambua na kusema amevuta mkono wa upande usio wenyewe. Wakajaribu kuiwasha tena, muda ukawa umekwisha. Ndege ikagonga daraja la barabara kwa bawa, ikaangukia Mto Keelung. Watu 43 walikufa, 15 wakapona. Tangu kengele ya kwanza hadi majini zilipita kama dakika mbili.

Sasa sikieni hiki. Wachunguzi walipofungua mafaili ya mafunzo walikuta kwamba mwaka uliotangulia, kapteni huyu alipokuwa anapandishwa cheo, wakaguzi waliandika kwamba ana udhaifu hapo hapo: kushughulikia injini inayozima wakati wa kuruka. Alishindwa kwenye simuleta. Akarudia, akapita, akapewa ndege. Baada ya ajali mamlaka ya Taiwan iliwaita marubani wa ATR wa kampuni hiyo kwenye mtihani wa kushughulikia injini iliyozima. Kumi wakashindwa. Kumi! Hao ni watu waliokuwa wanabeba abiria wiki iliyopita yake. Novemba 2016 kampuni ikafunga milango.

Kwa hiyo tusidanganyane. Taiwan haikupoteza watu 43 kwa sababu ndege ilikuwa kuukuu. Iliwapoteza kwa sababu mfumo uliona udhaifu, ukauandika kwenye karatasi, ukaupigia mhuri, ukaendelea na safari.

Nairobi: tahadhari 27

Karibu zaidi na nyumbani. Tarehe 2 Julai 2014, alfajiri, ndege ya mizigo aina ya Fokker 50 iliruka kutoka Jomo Kenyatta, Nairobi, ikipeleka miraa Mogadishu. Haikufika popote. Muda mfupi baada ya kuruka iliangukia jengo la biashara eneo la Utawala, na watu wote wanne waliokuwamo wakafa.

Wachunguzi wa Kenya waliposikiliza kinasa sauti walikuta kengele za tahadhari zikilia wakati ndege bado inakimbia kwenye lami. Ripoti yao inasema chanzo kinachoelekea kuwa sahihi ni uamuzi wa marubani kuruka na hitilafu waliyoijua, na kushindwa kusitisha safari baada ya kupokea tahadhari 27.

Ishirini na saba! Walikuwa na muda wa kusimama. Walikuwa na lami ya kusimamia. Mashine ilifanya kazi yake, ilipiga kelele mara 27. Waliokuwa na mamlaka ya kuvuta mkono hawakuvuta.

Makamanda, nikisoma ripoti hiyo siwezi kuacha kuifikiria nchi yangu. Kwa sababu na sisi kengele zimelia.

Kengele zetu

Tangu Septemba 2016, serikali imekuwa ikishusha ndege: Dash 8 Q400, Airbus A220, Boeing 787, Boeing 737 MAX 9, hadi Boeing 767 ya mizigo. Kwa kila moja kulikuwa na sherehe. Sipingi nchi kuwa na ndege. Asije mtu akaniwekea maneno mdomoni. Napinga kununua paa kabla ya ukuta.

Kengele ya kwanza ni CAG. Ripoti zake zinaonyesha ATCL ilipata hasara ya shilingi bilioni 35.2 mwaka wa fedha 2021/22. Mwaka uliofuata ikawa bilioni 56.6. Mwaka 2023/24 ikafika bilioni 91.8. Sehemu ya hasara hiyo ilitokana na ndege za A220 kulazwa chini kwa matatizo ya injini, na nakiri kwamba injini hizo zimesumbua mashirika duniani kote. Hapo simsingizii mtu. Lakini shirika linalovuja damu miaka mitatu mfululizo linakata wapi kwanza? Muulize mhasibu yeyote. Tangazo la barabarani likipungua, watu wataona. Sherehe ikipungua, watu wataona. Saa za simuleta zikipungua, hakuna abiria atakayejua. Sisemi zimepungua. Nasema hakuna mtu nje ya ofisi zao anayeweza kutuhakikishia kwamba hazijapungua, na hilo peke yake ni kashfa.

Kengele ya pili ililia Brussels. Desemba 2024, Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuingia anga yake. Juni 2025 wakaongeza: mashirika yote ya ndege yaliyosajiliwa Tanzania, yote, hata yale ya binafsi ambayo hayajawahi kula ruzuku. Na sababu waliyoitoa haikuhusu umri wa ndege zetu. Walisema mamlaka zetu za usimamizi zina uhaba mkubwa wa watu wenye sifa, ukaguzi wao wa uendeshaji na ubora wa ndege hauna makali, na viwango vya kimataifa vya usalama havifuatwi ipasavyo.

Soma tena taratibu: uhaba wa watu wenye sifa. Tumenunua ndege hadi tukafungiwa kwa kukosa watu.

Chawa wakajibu, "Kwani tunaenda Ulaya? Inatuhusu nini?" Jamani. Kwanza, mkaguzi anayekosekana kuikagua ndege ya kwenda Ulaya ndiye huyo huyo anayekosekana kuikagua ya kwenda Songea. Ulaya wameamua kuwalinda watu wao. Wewe wa Songea nani anakulinda? Pili, mtalii anayenunua safari yake kule Ulaya ana haki ya kuambiwa jina la shirika litakalombeba. Akiambiwa jina na kukuta liko kwenye orodha, unadhani atapanda ile Caravan ya kwenda Serengeti kwa moyo mkunjufu? Anayelipia hapo ni mpishi wa kambi, dereva wa safari, na kijana anayebeba mizigo uwanjani Arusha. Wewe uliyeandika "inatuhusu nini" unalipwa kwa bando.

Watasema pia kwamba ukaguzi wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga ulitupa zaidi ya asilimia 80. Ni kweli, na hongera kwa waliofanya kazi hiyo. Lakini alama zile zinapima kama sheria na taratibu zipo na zinatekelezwa kwa kiwango gani siku ya ukaguzi. Waliokuja baadaye kutoka Ulaya wakaangalia watu na kazi ya kila siku, na waliyoyakuta ndiyo hayo. Mwanafunzi akipata 80 mtihani wa majaribio halafu akafeli wa mwisho, mzazi mwenye akili hatundiki ile karatasi ya kwanza ukutani.

Hudson na Bukoba

Mfano wa upande wa pili, ili mtu asidhani nahubiri kiama tu. Tarehe 15 Januari 2009, Airbus A320 ya US Airways iliruka kutoka LaGuardia, New York. Dakika moja na nusu hivi baadaye ikaingia kwenye kundi la mabata bukini, injini zote mbili zikapoteza nguvu. Kapteni Chesley Sullenberger alitua kwenye Mto Hudson. Watu wote 155 walipona.

Watu wanaita muujiza. Mimi naita malipo ya uwekezaji. Kapteni alikuwa na zaidi ya saa 19,000 angani. Aliichukua ndege kutoka kwa mwenzake kwa kauli moja fupi, na mwenzake akaiachia na kuingia kwenye orodha ya dharura bila ubishi, kwa sababu wote wawili walifundishwa kugawana kazi. Orodha yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya ndege iliyo juu sana, yenye muda. Wao hawakuwa na muda. Kapteni akawasha mtambo wa umeme wa akiba mapema, kabla orodha haijafika huko. Baadaye wachunguzi walijaribu kwenye simuleta: rubani aliyejua kinachokuja na kugeuka papo hapo aliweza kufika uwanjani, ila alipoongezewa sekunde 35, zile ambazo binadamu wa kawaida anahitaji kuelewa kimetokea nini, akaanguka. Na chini mtoni? Kivuko cha kwanza kilifika ndani ya dakika chache, na manahodha wake walijua la kufanya.

Sasa njoo Bukoba, 6 Novemba 2022. Ile haikuwa injini kuzima; ndege ya ATR iliangukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Naitaja kwa sababu ya kilichofuata. Walikuwa watu 43. Ndege ilikuwa karibu kabisa na ufukwe, watu wanaiona. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao na makasia yao. Watu 24 walipona, 19 wakafa. Uwanja uko mdomoni mwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na uokoaji ukaanza kwa kasia.

Wavuvi wale ni mashujaa, na mmoja alipewa ajira Zimamoto. Alistahili. Lakini serikali inayomtegemea mvuvi awe mpango wake wa dharura, halafu inampigia makofi mbele ya kamera, imekiri yenyewe kwamba mpango haikuwa nao.

Mwenye ndege ndiye mwenye refa

Kwa nini kengele zikilia hakuna anayevuta mkono? Angalia mchoro wa madaraka. ATCL iko chini ya Wizara ya Uchukuzi. Viwanja viko chini ya wizara hiyo. Mamlaka ya kuwasimamia wote wawili, TCAA, iko chini ya wizara hiyo. Na kitengo cha kuchunguza ajali, ambacho siku moja kinaweza kulazimika kuandika kwamba shirika lilikosea, au uwanja ulikosea, au mamlaka ilikosea, nacho kimo ndani ya wizara hiyo hiyo. Mchezaji, mwenye uwanja, refa na kamati ya rufaa, wote wanakula sufuria moja.

Taiwan, kwa maumivu yao yote, walikuwa na baraza huru la kuchunguza ajali. Ndiyo maana leo kijana wa Kitanzania anaweza kusoma hadi maneno ya mwisho ya kapteni na matokeo yake ya simuleta. Marekani nao mchunguzi wao hayuko chini ya wizara. Hawafanyi hivyo kwa kuwa wana roho nzuri kuliko sisi. Wanajua kwamba mchunguzi anayemuogopa waziri haoni vizuri.

Na hapa ndipo suala la rubani linakuwa suala la siasa, makamanda. Msikubali kuambiwa "mambo ya kitaalamu waachieni wataalamu". Wataalamu wetu wapo na ni wazuri. Wengine wanarusha ndege za Waarabu huko Ghuba saa hizi. Kinachokosekana ni mkuu wa kazi anayeruhusiwa kusema "ndege hii hairuki leo" bila kupigiwa simu kutoka juu.

Tunadai nini

Hatupigi kelele kwa ajili ya kelele. Madai yetu ni haya, na kila mmoja ayabebe kwenye mkutano wa tawi, kwenye makundi ya WhatsApp, na mbele ya mgombea yeyote atakayekuja kuomba kura na picha ya ndege mkononi.

Moja, kitengo cha kuchunguza ajali kitolewe wizarani, kiwe chombo huru kwa sheria, kiripoti bungeni, na kila ripoti ya mwisho ichapishwe kwa Kiswahili pia. Wafu ni wetu, lugha ni yetu.

Mbili, TCAA itangaze kila mwaka ina wakaguzi wangapi wenye sifa, inahitaji wangapi, na pengo litazibwa lini. Hakuna siri ya taifa kwenye idadi ya wakaguzi.

Tatu, bajeti ya mafunzo ya marubani na mafundi wa ATCL itengwe kwenye mstari wake, isiguswe kufidia hasara, na CAG aikague kila mwaka. Ndege mpya isinunuliwe kabla haijaonyeshwa nani atairusha, nani ataitengeneza na nani ataikagua.

Nne, mafunzo yaje nyumbani. Ethiopia wana chuo Addis Ababa chenye simuleta za Q400, za Boeing 737 na za 787, na nchi nyingine zinawalipa kupeleka watu wao. Sisi tuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo na kimeanza safari ya kufundisha urubani. Kipewe nguvu ya kweli. Na nafasi za ufadhili zitangazwe hadharani, zishindaniwe kwa vipaji. Leseni ya urubani wa biashara inataka saa kama 200 angani, na kila saa ni mafuta na mwalimu. Mtoto wa mkulima wa korosho Newala mwenye akili ya hesabu hawezi kuzilipia hata baba yake akiuza shamba lote. Kwa utaratibu wa sasa kiti cha mbele ni cha mwenye hela au mwenye mjomba. Mimi nikipanda ndege namtaka aliyefaulu.

Tano, kila uwanja ulio kando ya maji uwe na boti ya uokoaji, watu waliofunzwa na zoezi la kila mwaka. Bukoba, Mwanza, Musoma, Mafia, Zanzibar. Wavuvi wajumuishwe, wapewe mafunzo na vifaa, walipwe.

Hayo matano hayahitaji kukata utepe. Hayana picha nzuri. Ndiyo maana hayafanyiki.

Makamanda, tofauti ya injini ya ndege na serikali ni kwamba injini ikizima, kengele inalia ndani ya sekunde na kila mtu anajua. Serikali inaweza kuzima muda mrefu huku taa zinawaka na muziki unapigwa. CAG amelia. Ulaya wamelia. Ndugu wa Bukoba wamelia kwa machozi halisi. Marubani wa Nairobi walisikia kengele 27 wakaendelea kukimbiza ndege kwenye lami. Sisi abiria huku nyuma tumezisikia pia, na bado lami ipo. Tusimamishe ndege hii kabla haijaruka.

Tukutane kwenye matawi. Mapambano yanaendelea.